Kitengo Kizuri Mchana: Tathmini ya Huduma ya Utengamao katika Hospitali Moja ya Nairobi

Tathmini hii inahusu kitengo cha utengamao cha hospitali moja kubwa ya Nairobi, yaani wodi na ukumbi wa mazoezi ambako mtu aliyenusurika kiharusi, ajali ya barabarani au kukatwa mguu hulazwa kwa wiki kadhaa ili ajifunze upya kuketi, kusimama, kula na kuvaa nguo zake mwenyewe. Nilifanya kazi hapo kama mtaalamu wa fiziotherapia na sasa nimehamia kwingine, kwa hiyo ninaandika nikiwa sina mkubwa wa kumwogopa wala cheo cha kukilinda. Jina la hospitali sitalitaja. Ninawaandikia wahitimu wanaofikiria kuomba nafasi katika kitengo kama hiki, na pia jamaa wanaotafuta mahali pa kumpeleka mgonjwa wao, kwa kuwa hukumu yangu kwa wote ni ileile: kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni kitengo hiki hufanya kazi ya kusifiwa, lakini mwili wa mgonjwa haufuati saa za ofisi, na sehemu kubwa ya kinachojengwa mchana hubomoka usiku, mwishoni mwa juma, na siku ile mgonjwa anapofikishwa kwenye ngazi za nyumba yake.

Kitanda katika wodi hii hugombewa, na sababu yake haifichiki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban watu bilioni 2.4 duniani wana hali ya kiafya ambayo ingenufaika na huduma za utengamao, na mtu yeyote aliyewahi kupita katika wodi za mifupa za Nairobi hahitaji kushawishiwa kuhusu mchango wa jiji hili katika hesabu hiyo. Wanaoletwa kwetu ni vijana wa bodaboda, mafundi walioanguka kutoka kwenye majengo yanayojengwa, akina mama ambao shinikizo la damu liliwashtukia kwa kiharusi, na wazee waliopoteza mguu kwa sababu ya kisukari. Hospitali ya Kitaifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo, iliyo hapa hapa Nairobi, hupokea watu kutoka pembe zote za nchi, na wasiopata nafasi huko hutafuta vitengo kama chetu. Kwa hiyo mgonjwa anayeingia hapa tayari ana bahati, na jamaa zake wanalijua hilo, jambo linaloeleza kwa nini wengi wao hawathubutu kulalamika hata pale wanapostahili.

Nianze na yanayofaa kusifiwa. Ukumbi wa mazoezi una vifaa ambavyo hospitali nyingi za kaunti hazina: nguzo mbili sambamba za kujifunzia kutembea, meza inayoinuka polepole ili kumsimamisha mtu ambaye shinikizo lake la damu lingeshuka ghafla akisimamishwa kwa haraka, kioo kirefu cha ukutani, na ngazi fupi ya mbao ya kufanyia mazoezi ya kupanda na kushuka. Vifaa hivyo havina maana bila watu, na watu hapa ni hodari. Mara moja kwa juma daktari, wauguzi, wataalamu wa fiziotherapia, wa tiba kazi (wanaomfundisha mgonjwa upya shughuli za kila siku) na wa lugha na kumeza, fundi wa viungo bandia na afisa wa ustawi wa jamii huketi pamoja na kumjadili kila mgonjwa kwa jina, wakiulizana atakwenda nyumbani lini na ni nini kinachomzuia. Nimefanya kazi mahali ambapo mkutano wa namna hiyo ulikuwa wa daktari kuamuru na wengine kuandika. Hapa muuguzi kijana anaweza kumwambia daktari bingwa kwamba mgonjwa hajalala siku tatu kwa sababu ya maumivu, na dawa ikabadilishwa papo hapo.

Kinachonivutia zaidi ni chumba cha tiba kazi, ambacho wageni wengi hukipita wakidhani ni jiko la wafanyakazi. Ni jiko kweli, lakini ni la wagonjwa. Mama aliyepooza upande wa kulia hufundishwa hapo kusonga ugali kwa mkono mmoja, kazi ambayo asiyewahi kuijaribu hawezi kuielewa ugumu wake, kwa kuwa sufuria huzunguka pamoja na mwiko pasipo mkono wa pili wa kuishika. Mtaalamu wetu alichongesha fremu ya mbao inayoushika mkono wa sufuria isiweze kuzunguka, na pembeni yake kuna ubao wenye misumari miwili ya kuchomekea kiazi ili kimenywe bila kushikwa. Vifaa hivyo havikuagizwa kutoka ng'ambo na seremala yeyote wa soko la Gikomba anaweza kuvitengeneza. Siku mama anapotoka katika chumba hicho akiwa amesonga ugali wa kulika, familia yake hubadili namna ya kumtazama, kwa sababu anarudi nyumbani akiwa mwenye jiko lake. Hakuna mashine ya bei ghali katika ukumbi wetu iliyowahi kuleta badiliko la haraka kiasi hicho.

Wagonjwa wetu hutuita madaktari wa mazoezi, na utani nao ni sehemu ya tiba. "Daktari, leo usinitese sana," mzee mmoja alikuwa akinisalimu kila asubuhi hata kabla sijamwamkia. "Shikamoo mzee, leo ni hatua tano tu, kisha utaketi." Alikuwa anajua kwamba tano zitakuwa kumi, nami nilijua kwamba anajua. Anayependa kazi ambayo matokeo yake yanaonekana kwa macho hatapata nyingi zinazoishinda hii, maana baada ya kiharusi, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo, ubongo hujipanga upya kwa kasi inayoweza kumshangaza hata mtaalamu, na mtu aliyeletwa kwa machela anaweza kuondoka kwa fimbo.

Hata hivyo, namna kitengo kinavyojipima inanipa shida. Kama vitengo vingi duniani, hutumia kipimo cha Barthel cha kupima mgonjwa anaweza kujifanyia nini mwenyewe, kilichochapishwa mwaka 1965, chenye vipengele kumi na alama za juu 100: kula, kuoga, kuvaa, kujipamba, haja kubwa, haja ndogo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kutembea, na kupanda ngazi. Ni kipimo kizuri, na mhitimu atakayekuja hapa atafundishwa kukitumia vizuri. Lakini ngazi zina alama 10 tu kati ya hizo 100, kwa maana kwamba mgonjwa anaweza kupata alama 90, akasifiwa mkutanoni, akapigiwa makofi na kuandikiwa barua ya kwenda nyumbani, ilhali hawezi kupanda ngazi hata moja. Sasa mpeleke mtu huyo mtaa wa Pipeline, katika jengo la ghorofa saba lisilo na lifti, ambako chumba chake kiko ghorofa ya tano na ngazi zenyewe ni nyembamba, zenye giza na zisizo na chuma cha kushikia. Katika mji kama Nairobi zile alama 10 zilizokosekana zinaweza kumfanya mfungwa wa chumba kimoja. Nimeona wagonjwa wakibebwa mgongoni na wapwa zao siku ya kuja kliniki, kisha mara ya pili mpwa yuko kazini, na mara ya tatu mgonjwa haji tena.

Zamani wataalamu wa tiba kazi walikuwa wakitembelea nyumba kabla ya mgonjwa kuruhusiwa. Utaratibu huo ulikufa gari la kitengo lilipopewa idara nyingine. Wafanyakazi hawakukata tamaa: huwaomba jamaa wapige picha na video za mlango, choo na ngazi kwa simu, na wapime upana wa mlango kwa futi ya fundi cherehani, kisha mazoezi hupangwa kulingana na nyumba yenyewe. Ni ubunifu wa kupongezwa, na bado si sawa na kwenda. Picha haionyeshi mtaro ulio wazi mbele ya lango, wala umbali wa choo cha pamoja, wala ukweli kwamba maji hupanda ghorofani kwa mtungi. Laiti hospitali ingelipa nauli ya matatu kwa mtaalamu mmoja siku moja ya juma, ingeokoa vitanda vingi vinavyokaliwa tena na watu walewale.

Nije kwenye usiku, ambao ndio sababu kubwa ya kuandika tathmini hii. Mtu aliyeumia vibaya uti wa mgongo mara nyingi hana hisia chini ya jeraha, kwa hiyo mwili wake haumwambii ajigeuze, na ngozi inayobanwa kati ya mfupa na godoro huanza kufa bila maumivu yoyote. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wengi wa waliopata majeraha haya walikufa mapema, kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya figo. Daktari Ludwig Guttmann, aliyefungua kituo chake Stoke Mandeville huko Uingereza mwaka 1944, alibadili hali hiyo kwa jambo lisilo na mvuto wowote: kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na yeye mwenyewe alipita wodini usiku kuhakikisha. Michezo ya walemavu iliyomletea sifa, ambayo leo ni Paralimpiki, isingekuwa na wanamichezo kama wangekufa kwa vidonda.

Katika kitengo chetu karatasi ya kugeuza wagonjwa ilining'inia kwenye kila kitanda, na kila asubuhi ilikuwa imejazwa vizuri, kwa mwandiko mmoja na kwa kalamu moja, saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, na hata saa kumi na mbili ambayo wakati mwingine ilikuwa bado haijafika. Simlaumu muuguzi. Usiku wodi nzima huachiwa watu wawili, pengine mmoja wao akiwa ameazimwa kutoka wodi ya watoto, na kumgeuza mwanamume mzito aliyepooza kunahitaji watu wawili wenye nguvu na dakika kadhaa. Piga hesabu ya vitanda na uizidishe kwa kila saa mbili, utaona kwamba kazi hiyo haiwezekani, na asiyeweza kuifanya huombwa angalau aiandike. Uongozi unaojua hesabu hiyo na kuendelea kukagua karatasi badala ya visigino na makalio ya wagonjwa ndio wenye kosa.

Mwishoni mwa juma hali ni hiyohiyo kwa namna nyingine, kwa kuwa wataalamu wa mazoezi hawako Jumamosi na Jumapili. Ijumaa tunamwacha mgonjwa akiwa na kifundo cha mguu kilichonyooshwa na mkono uliopooza ukiegemea mto kama inavyopasa. Jumatatu tunakuta kifundo kimekakamaa, gango la mkono limo kabatini, na bega linauma kwa sababu mtu mwenye nia njema alimvuta kwa mkono ule dhaifu ili kumketisha. Bega lililopooza la mgonjwa wa kiharusi halina misuli yenye nguvu ya kulishikilia, na kulivuta mara moja kunaweza kuleta maumivu ya miezi. Jamaa wakifundishwa hilo siku ya kwanza hulilinda vizuri kuliko sisi, lakini hapa mafunzo ya jamaa hufanywa juma la mwisho, wakati bega limekwisha kuumia.

Kuna jambo moja la usiku ambalo wafanyakazi wenyewe wamelitengeneza vizuri, nami nataka lijulikane. Mtu aliyejeruhiwa uti wa mgongo katika pingili ya sita ya kifua au juu yake anaweza kupandwa na shinikizo la damu la kuhatarisha maisha kwa sababu ndogo tu, kama vile mpira wa kutolea mkojo uliopindika. Kichwa kinamgonga, uso unamtoka jasho, na muuguzi asiyezoea wodi hii hukimbilia vidonge. Juu ya kila kitanda cha mgonjwa wa aina hiyo kuna karatasi ya manjano iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi: mketishe, legeza nguo, angalia mpira wa mkojo, kisha mwite daktari. Iliandikwa na sista mmoja wa zamu bila kuamriwa na yeyote, na ninaamini imewaokoa watu.

Kwa anayekuja kufanya kazi, mwili wake mwenyewe utakuwa hoja. Migongo ya wataalamu na wauguzi wa kitengo hiki imechoka. Winchi ya kuwanyanyulia wagonjwa ipo, nzuri kabisa, na wakati mwingi ilisimama pembeni kwa sababu mikanda yake ilipelekwa kufuliwa pamoja na mashuka na haikurudi. Ombi la kununua mikanda mingine lilizunguka ofisini muda ambao sisi tuliutumia kunyanyua kwa mikono.

Mzigo wa moyo ni mzito zaidi, na hakuna anayekuandaa. Kijana wa bodaboda mwenye jeraha kamili, ambaye vipimo vya daraja A hadi E vimemweka A, daraja la jeraha baya zaidi, atakuuliza lini atatembea, atakuuliza tena kesho, na mama yake atakusubiri kwenye korido akuulize kwa sauti ya chini jibu tofauti na lile ulilompa mwanawe. Katika kitengo hiki daktari hutoa habari hiyo mara moja, kwa dakika chache za mzunguko wa asubuhi, kisha sisi tunaobaki na mgonjwa saa nzima kila siku ndio tunaoulizwa. Wapo wenzangu waliojifunza kusema "Mungu ni mwema, endelea na mazoezi" na kugeuka. Sikubaliani nao, ingawa ninawaelewa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaketisha na kuwauliza wanalalaje usiku. Kinachosaidia, na ambacho kitengo kinastahili sifa kwacho, ni kumwalika mtu anayetumia kiti cha magurudumu kwa miaka mingi, mwenye kazi na watoto, aje kuzungumza na walioumia juzi. Maswali ambayo kijana hawezi kumuuliza daktari, kuhusu ndoa, haja kubwa na aibu ya kubebwa na mdogo wake, huulizwa na kujibiwa bila kupindapinda. Sisi hutoka chumbani.

Kuhusu malipo nitasema machache. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya afya ya taifa, mwezi Oktoba 2024, na jamaa wanapaswa kuhakikisha usajili na michango ya mgonjwa iko sawa kabla ya kulazwa, si baada. Ofisi ya malipo ya hospitali hii ina mazoea ya kuleta swali jipya siku ya kuondoka, na nimeona vitanda vikikaliwa na watu waliopona kwa sababu ya fomu. Kiti cha magurudumu nacho kiombwe mapema. Chama cha Walemavu wa Viungo nchini Kenya, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, ni miongoni mwa wanaotengeneza viti hapa nchini, na kiti kinachopimwa kulingana na nyonga na urefu wa mapaja ya mtumiaji ni tofauti kabisa na kile cha msaada kilichoachwa na marehemu jirani, ambacho huleta vidonda vilevile tulivyovikwepa wodini.

Kama ningelazimishwa kutoa nyota, ningetoa nne kati ya tano kwa kazi ya mchana na mbili kwa iliyobaki. Kwa mhitimu ninasema aombe nafasi, kwani katika mwaka mmoja hapa ataona majeraha ambayo wenzake wataendelea kuyasoma vitabuni, na atafundishwa na watu wasioficha ujuzi wao. Ahakikishe leseni yake iko tayari, kwa kuwa tangu sheria ya wataalamu wa fiziotherapia ya mwaka 2014 baraza lao ndilo linalosajili, na katika usaili aulize kama kuna zamu za mwisho wa juma zinazolipwa, na mikanda ya winchi iko wapi.

Jamaa wasiridhike na kuonyeshwa ukumbi wa mazoezi saa nne asubuhi. Waombe kuingia wodini saa tatu usiku, wahesabu wauguzi, na waangalie visigino vya mgonjwa wao kwa tochi ya simu. Waombe kufundishwa kumgeuza na kumhamisha kuanzia juma la kwanza, hata wakiambiwa muda bado. Na ikiwa nyumba iko ghorofani, waanze kutafuta chumba cha chini siku ileile mgonjwa anapolazwa, kwa sababu Nairobi vyumba vya chini huchukuliwa upesi na barua ya kuruhusiwa hutolewa kwa taarifa ya siku mbili.